Sikio la Mbwa Linalougua Tena na Tena: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Chupa Nyingine ya Dawa

Mbwa anatikisa kichwa usiku kucha. Anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma hadi analia. Ukimkaribia, harufu mbaya inakupiga puani. Asubuhi unaenda kwenye duka la agroveti, unaeleza hali yake, unapewa chupa ndogo ya matone. Unamtia siku tatu au nne, anatulia, na chupa inawekwa juu ya kabati. Mwezi mmoja au miwili baadaye, kichwa kinatikisika tena.

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wanaofuga mbwa wanaifahamu hali hii, wawe ni wale wa Mtwapa na Malindi ambao mbwa wao hulinda nyumba, au wale wa Ganze na Magarini ambao mbwa wao huandamana na mbuzi malishoni. Wengi huamini kwamba dawa ilikuwa dhaifu, kwa hivyo hutafuta nyingine kali zaidi. Mara nyingi dawa haikuwa na kosa. Ilitibu maambukizi, lakini kilichoyaleta maambukizi hayo kiliachwa palepale.

Makala haya yanaeleza kwa nini sikio la mbwa huugua mara kwa mara, mambo unayoweza kufanya nyumbani, mambo usiyopaswa kujaribu kamwe, na wakati wa kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo.

Tuliyojifunza nyumbani

Mwandishi wa makala haya alilijua jambo hili kwa njia ngumu. Katika boma la kwetu kulikuwa na mbwa wa kulinda, mpole kwa watoto na mkali kwa wageni. Kila msimu wa mvua sikio lake la kushoto lilitoa harufu. Kila mara tulinunua matone, tukamtia hadi harufu ikaisha, tukaacha. Hatukuwahi kumpeleka akaangaliwe ndani ya sikio.

Jioni moja mtoto wa ndugu yangu alimshika kichwa ili acheze naye, kama alivyozoea. Mbwa akamng'ata mkononi. Tuliosha kidonda, tukakimbilia hospitali, na mtoto akaanza kudungwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Pale bomani wazee wakakata shauri kwamba mbwa amekuwa mbaya, hafai tena kukaa na watu.

Kwa kuwa mbwa alikuwa amechanjwa na kadi yake ilikuwepo, tulishauriwa kumfungia na kumchunguza kwa siku 10. Alibaki mzima. Ndipo daktari wa mifugo alipomfunga mdomo, akamulika ndani ya sikio, akatuonyesha mfereji uliovimba hadi ukakaribia kuziba. Mbwa hakuwa amebadilika tabia. Alikuwa akiishi na maumivu makali kwa miezi, na mtoto aliligusa mahali penyewe.

Sikio la mbwa lilivyoumbwa

Mfereji wa sikio la binadamu ni mfupi na umenyooka. Wa mbwa ni mrefu na umepinda mfano wa herufi L: kwanza unashuka chini, halafu unageuka kuelekea ndani, hadi kwenye kiwambo cha sikio. Maji, vumbi au mdudu akiingia hatoki kwa urahisi, na nta ikikusanyika hukaa pale kwenye kona.

Ukichanganya umbo hilo na hali ya hewa ya Pwani, yenye joto na unyevunyevu karibu mwaka mzima, unapata mahali ambapo fangasi na bakteria hustawi. Mbwa wenye masikio yaliyolala, kama Labrador na Spaniel, wako hatarini zaidi kwa sababu hewa haipiti vizuri. Hata hivyo, mbwa wa kienyeji mwenye masikio yaliyosimama haepuki tatizo hili ikiwa ana kupe au mzio.

Vyanzo vikuu vya ugonjwa

Fangasi na bakteria wanaopatikana kwenye sikio bovu kwa kawaida si wageni. Aina nyingi huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima kwa idadi ndogo bila kumdhuru. Huzaana kupita kiasi pale kitu kingine kinapoharibu mazingira ya sikio. Vitu hivyo ni hivi:

Kupe na utitiri. Kupe hupenda kujibanza ndani ya sikio, mahali mbwa asipoweza kujilamba wala kujing'ata. Utitiri wa sikio ni wadudu wadogo sana ambao huacha uchafu mkavu, mweusi au wa kahawia, unaofanana na mashapo ya kahawa. Huwapata zaidi mbwa wachanga, na huambukizana kati ya mbwa na paka wa nyumba moja. Kutoka yai hadi mdudu mkomavu huchukua takriban wiki tatu. Ndiyo maana matibabu ya siku chache hayatoshi, na kumtibu mnyama mmoja huku wenzake wakiachwa ni kazi bure.

Mbegu za nyasi. Mbwa anayepita kwenye nyasi ndefu zilizokauka anaweza kuingiwa na mbegu yenye ncha kali. Mbegu hiyo husonga mbele tu, hairudi nyuma. Ikiwa mbwa alikuwa mzima asubuhi, na jioni anatikisa kichwa kwa nguvu huku ameinamisha sikio moja, shuku mbegu au mdudu.

Maji. Mbwa anayeogelea baharini au mtoni, au anayeogeshwa bila kukaushwa masikio, hubaki na unyevu ndani. Ngozi ya mfereji hulainika na kinga yake hupungua.

Mzio. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinachofanya masikio mengi kurudia kuugua. Mbwa anaweza kuwa na mzio wa vumbi la nyumbani, chavua, viroboto au chakula. Tazama ishara nyingine mwilini: kulamba makucha mara kwa mara, kujisugua uso, wekundu kwapani na tumboni, au ugonjwa unaoshika masikio yote mawili. Ikiwa sikio huugua msimu uleule kila mwaka, mzio ni wa kushukiwa.

Magonjwa mengine. Upungufu wa homoni za tezi ya shingo, pamoja na vinyama au uvimbe ndani ya mfereji, huweza kusababisha ugonjwa usioisha, hasa kwa mbwa wenye umri mkubwa.

Kwa nini kila mara huwa vigumu zaidi kutibu

Sikio linapougua, ngozi ya mfereji huvimba na kutoa nta nyingi zaidi. Likitibiwa vizuri na mapema, hurudi katika hali yake. Likiachwa, au likitibiwa nusunusu mara nyingi, ngozi hiyo hunenepa na mfereji huwa mwembamba. Matone hayafiki tena chini ambako ugonjwa umejificha. Baada ya muda mrefu gegedu ya mfereji huweza kuwa ngumu kama mfupa, na hapo hakuna dawa ya kulifungua sikio hilo.

Vilevile, ugonjwa unaweza kutoboa kiwambo na kuingia sikio la kati. Mbwa anaweza kupoteza uwezo wa kusikia, kuinamisha kichwa upande mmoja, kupoteza mizani na kuzunguka, au kulegea upande mmoja wa uso. Katika hatua ya mwisho, njia inayobaki ni upasuaji mkubwa wa kuondoa mfereji wote. Upasuaji huo ni ghali na unahitaji daktari mwenye ujuzi maalum.

Kwa hivyo, gharama ya kumwona daktari mapema isilinganishwe na bei ya chupa moja ya matone. Ilinganishwe na bei ya chupa zote ulizokwisha kununua, pamoja na zile utakazonunua bado.

Dalili za kuangalia

Jizoeze kuyatazama masikio ya mbwa wako angalau mara moja kwa wiki. Sikio zima lina rangi ya waridi hafifu ndani, halina harufu kali, na mbwa hajali ukiligusa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiona:

- anatikisa kichwa au kujikuna sikio kwa zaidi ya siku moja au mbili;
- harufu mbaya, wekundu, au uchafu wa kahawia, manjano au kijani;
- usaha, damu au vidonda;
- analia au kutaka kung'ata ukimgusa kichwa;
- sikio la nje limevimba kama mfuko. Hii ni damu iliyokusanyika kwa sababu ya kutikisa kichwa kwa nguvu.

Usisubiri hata siku moja ikiwa kichwa kimeinama upande mmoja, mbwa anayumba anapotembea, au uso umelegea.

Usitie vitu hivi

Kuna mambo yanayofanywa kwa nia njema lakini yanayomuumiza mnyama. Usimtie mbwa sikioni mafuta ya taa, mafuta ya gari yaliyotumika, spiriti, maji ya betri, maji ya chumvi uliyojichanganyia au maji ya ndimu. Vitu hivi huchoma ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Usitie dawa ya kuogesha ng'ombe ndani ya sikio ili kuua kupe. Usikisie kipimo cha ivamektini ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Dawa hiyo ni nzito kwa mwili mdogo wa mbwa, kosa dogo la kipimo huleta sumu, na baadhi ya mbwa, hasa wa jamii ya Kolii na machotara wao, wanaweza kufa kwa kiasi ambacho mbwa wengine hukistahimili. Ukiwa na paka nyumbani, kumbuka kwamba dawa za kupe za mbwa zenye permethrini huua paka.

Usitumie matone yaliyobaki mwaka jana, wala matone ya binadamu. Sababu si muda wa dawa kuisha pekee. Ikiwa kiwambo cha sikio kimetoboka, baadhi ya dawa, ikiwemo jentamaisini, zinaweza kuharibu uwezo wa kusikia. Huwezi kujua kama kiwambo ni kizima bila kumulika ndani.

Mwisho, usiingize kijiti chenye pamba. Kwa sababu mfereji umepinda, kijiti husukuma uchafu chini zaidi.

Utarajie nini kwa daktari

Daktari ataanza kwa kukuuliza maswali: tatizo lilianza lini, limerudi mara ngapi, mbwa anakula nini, anaogelea, kuna wanyama wengine nyumbani, na dawa zipi zimetumika. Beba chupa za dawa zote ulizotumia, hata zilizo tupu. Zitamsaidia sana.

Kisha atamulika sikio kwa kifaa maalum ili aone kiwambo, na atachukua uchafu kidogo kwa pamba ili autazame kwa hadubini. Kipimo hiki ni rahisi na hakichukui muda mrefu, lakini ndicho kinachoonyesha kama adui ni fangasi, bakteria au utitiri. Dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Ikiwa ugonjwa umekuwa sugu, anaweza kutuma sampuli maabara ili ijulikane ni dawa gani bado inafanya kazi.

Matibabu huwa na sehemu tatu. Kwanza, sikio husafishwa ili dawa ifike mahali pake. Pili, hutiwa dawa, na wakati mwingine hutolewa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu. Tatu, chanzo hushughulikiwa: kupe wanaondolewa, mbegu inatolewa, au mzio unachunguzwa. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama utarudi tena mwezi ujao.

Ikiwa chakula ndicho kinachoshukiwa, daktari anaweza kupendekeza mbwa apewe kwa wiki 8 au zaidi chakula chenye aina moja tu ya nyama au samaki ambayo hajawahi kula. Katika muda huo hapewi makombo ya mezani wala mfupa wa jirani. Kila mtu nyumbani aambiwe, maana kipande kimoja cha nyama kutoka kwa mtoto huharibu jaribio lote.

Tumia dawa kwa siku zote ulizoelekezwa, hata kama harufu imeisha siku ya tatu. Na urudi siku uliyopangiwa. Sikio linaweza kuonekana safi kwa nje huku chini ya mfereji bado kuna ugonjwa, na daktari pekee ndiye anayeweza kuthibitisha kwamba limepona.

Kusafisha nyumbani

Baada ya daktari kuthibitisha kwamba kiwambo ni kizima na kukuelekeza dawa ya kusafishia, fuata hatua hizi:

1. Shika chupa mkononi kwa dakika chache ili dawa isiwe baridi. Mbwa huogopa baridi ya ghafla sikioni.
2. Inua sikio la nje kwa upole na umimine dawa hadi mfereji ujae. Ncha ya chupa isiguse sikio.
3. Kanda sehemu ya chini ya sikio, karibu na taya, kwa takriban nusu dakika. Utasikia majimaji yakicheza ndani.
4. Mwachie atikise kichwa. Uchafu utapanda juu wenyewe.
5. Pangusa kwa pamba au kitambaa safi pale kidole chako kinapofika tu.
6. Kama ana matone ya kutiwa, subiri kama dakika 10 kwanza.

Usisafishe kila siku bila kuelekezwa. Kusafisha kupita kiasi huacha sikio na unyevu na kuondoa kinga yake ya asili. Mbwa akilia kwa maumivu, acha na umrudishe kwa daktari.

Kuzuia lisirudi

Baada ya kuogelea au kuoga, kausha masikio kwa kitambaa. Kagua kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, hasa mbwa anapotoka malishoni, na umtibu kupe na viroboto kwa ratiba, pamoja na mahali anapolala. Fyeka nyasi ndefu karibu na boma. Weka kumbukumbu kwenye daftari: tarehe, sikio lipi, hali ya hewa, chakula. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo linaweza kumwonyesha daktari chanzo ambacho macho hayakioni.

Kwa mbwa mwenye mzio, ukweli ni kwamba huenda hatapona kabisa. Lakini mzio unaweza kudhibitiwa, na mbwa akaishi miaka mingi bila maumivu.

Jambo hili linamhusu kila mkazi

Hata asiyefuga mbwa ana sababu tatu za kulijali jambo hili.

Ya kwanza ni usugu wa dawa. Kila mara antibiotiki inapotumiwa bila kipimo, au inapokatizwa katikati, bakteria wanaobaki ni wale waliozoea dawa. Mmoja wao, aitwaye Pseudomonas, hujulikana sana kwa masikio sugu ya mbwa, na pia huwasumbua wagonjwa hospitalini. Baadhi ya dawa tunazowapa wanyama ni za jamii moja na zile tunazozitegemea sisi.

Ya pili ni usalama. Mbwa mwenye maumivu hung'ata. Waelekeze watoto wasimguse kichwa mbwa anayejikuna au kutikisa masikio. Yeyote akiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini bila kungoja. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba. Hakikisha mbwa wako anachanjwa kila mwaka, na uihifadhi kadi yake.

Ya tatu ni sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumwacha mnyama ateseke bila sababu. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za mifugo pamoja na udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa.

Uanzie wapi

Fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako, au umuulize afisa wa mifugo wa wadi yako akuelekeze. Ukimwita mhudumu wa kibinafsi, una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka kila daktari wa mifugo na msaidizi wake awe amesajiliwa kabla ya kutoa huduma. Mhudumu halali hataudhika kwa swali hilo.

Mbwa wetu wa boma alipona baada ya wiki kadhaa za matibabu. Ilibainika kwamba alikuwa na mzio, na sikio bado linahitaji kuangaliwa kila mvua zinapokaribia. Analala mlangoni kama zamani, na mtoto aliyemng'ata ndiye anayemshikia kichwa siku ya kusafishwa masikio.

Leo jioni, kabla hujafunga lango, inua masikio ya mbwa wako uyatazame na uyanuse. Ukiona dalili yoyote kati ya tulizotaja, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo badala ya kununua chupa nyingine.